Baba Auze Minazi Nikasomee Uzamili, au Nianze na Kuhesabu Inzi Mihogoni?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Mwaka jana nilihitimu shahada ya sayansi katika botania na biokemia, nikapata daraja la pili la juu. Somo nililolipenda kuliko yote ni bayolojia ya molekuli, ingawa tulilisoma zaidi ubaoni: mashine ya PCR, ile ya kurudufisha vinasaba, tulionyeshwa kwa mbali, na pipeti, kifaa cha kupimia matone, tulipokezana darasa zima. Tangu nihitimu nimetuma maombi ya kazi huku na huku bila kujibiwa, na kwa sasa nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari, nikilipwa na bodi ya shule mwezi kwa mwezi.

Sasa yamenijia mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kituo kimoja cha utafiti hapa Pwani kimenipa nafasi ya msaidizi wa shambani kwa mkataba wa miezi sita. Kazi ni kuzunguka mashamba ya mihogo ya wakulima, kugeuza majani, kuhesabu inzi weupe na kujaza jedwali. Malipo ni madogo kuliko ya shule, na maabara, kwa nilivyoelewa, sitaigusa. La pili, wakala mmoja wa masomo amesema anaweza kunipatia nafasi ya uzamili wa bioteknolojia ng'ambo, mradi karo ya mwaka wa kwanza na ada yake zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Baba, ambaye alikuwa akifanya biashara ya boriti za mikoko mpaka mgongo ulipomkataza, yuko tayari kuuza shamba la minazi tuliloachiwa na babu. Mama hataki hili wala lile. Anataka nikasomee diploma ya ualimu niajiriwe na serikali, na asema hajaona mtu wa Lamu aliyelishwa na majani.

Naomba uniambie ukweli, Mwalimu. Je, kuna ajira katika utafiti wa mimea na bayolojia ya molekuli kwa mtu kama mimi? Nikianza na kuhesabu wadudu, sitabaki huko huko? Na baba nimjibu nini?

Mwenye Shahada Kabatini, Lamu

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina maswali matatu, lakini moja limewekewa tarehe na mtu mwingine, kwa hiyo nitaanza nalo. Shamba la minazi lisiuzwe.

Katika sayansi za maabara, uzamili wa utafiti kwa kawaida haununuliwi namna hiyo. Mtafiti mwenye swali lake huandika pendekezo, huomba fedha kwa mfadhili, na ndani ya bajeti hiyo huweka karo na posho ya mwanafunzi mmoja au wawili, kwa sababu bila mikono yao kazi haitafanyika. Hata pale mwanafunzi anapojilipia sehemu ya karo, gharama za kemikali, vimeng'enya na usomaji wa vinasaba hubebwa na mradi, maana hakuna mzazi wa kawaida awezaye kuzimudu. Wakala wako hakukuuliza unataka kuchunguza nini, wala hakukutajia msimamizi au maabara. Alichotaja ni fedha na siku ya mwisho. Sisemi kwamba ni mwongo. Vipo vyuo vya ng'ambo vinavyouza shahada za uzamili za darasani kwa njia hii, na vyeti vyake ni halali kabisa. Ila ugonjwa uliokuwa nao baada ya shahada ya kwanza, yaani kuijua PCR kwa kuambiwa, unaweza kurudi nao ukiwa na cheti cha pili, na minazi imekwenda.

Milango isiyodai minazi ipo. Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University) kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia pale chuo kikuu cha JKUAT, Juja, ambayo tangu ianze kupokea wanafunzi mwaka 2012 imekuwa ikifundisha uzamili na uzamivu wa bayolojia ya molekuli na bioteknolojia kwa ufadhili wa Umoja wa Afrika. Shirika la Ujerumani la DAAD hudhamini wanafunzi wanaosomea humu humu Afrika Mashariki, na si wale wanaokwenda Ulaya pekee. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimekuwa na mpango wa kuwafadhili wanafunzi wa uzamivu tangu mwaka 1983. Ushindani ni mkali katika yote hayo, na anayepita si lazima awe mwenye alama za juu kuliko wote. Mara nyingi ni yule anayeweza kueleza kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Na hapo ndipo ninapofikia kazi ya inzi, ambayo naona umeidharau kidogo.

Mihogo ya Pwani inasumbuliwa na magonjwa mawili makubwa ya virusi. La kwanza ni batobato, ambalo liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka upande wa milima ya Usambara, Tanzania, na la pili ni michirizi ya kahawia, lililoelezwa mwaka 1936 na watafiti wa kituo cha Amani, katika milima hiyo hiyo. Yote mawili huenezwa na inzi mweupe na, zaidi ya hapo, na sisi wenyewe tunapogawiana mbegu za vijiti vilivyokwisha kuambukizwa. Batobato huonekana kwa urahisi, maana majani machanga hujikunja na kuwa na mabaka ya njano na kijani. Michirizi ni fisadi wa siri. Mmea unaweza kusimama shambani ukiwa na afya machoni pa kila mpita njia, kisha siku ya kuvuna mkulima anakata muhogo na kukuta nyama yake ina madoa makavu ya kahawia, mithili ya gome lililoingia ndani, na mavuno ya mwaka mzima hayauziki.

Sasa fikiria utakachokifanya. Utasimama mbele ya mmea mmoja, utayashika majani matano ya juu yaliyokwisha kufunguka, utayageuza taratibu kabla inzi hawajaruka, na utawahesabu. Kisha utainama uangalie majani ya chini, yaliyokomaa, kwa sababu dalili za michirizi hujitokeza huko, kama umanjano unaofuata mishipa ya jani. Asiyejua huishia kuangalia juu tu na kuandika kwamba mmea ni mzima. Utaupa mmea alama kati ya 1, yaani hauna dalili, na 5, yaani umeathirika vibaya sana. Utachuma jani, utalibana ndani ya karatasi likauke, na kuandika namba yake kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwa kuwa spiriti ya maabara hufuta wino. Kisha utahamia mmea wa pili.

Jani hilo ndilo litakalofika maabara. Huko litasagwa, vinasaba vitatolewa, na ndipo ile PCR uliyoonyeshwa kwa mbali itakapofanya kazi: kipande cha vinasaba vya virusi hurudufishwa maradufu katika kila mzunguko, hata baada ya mizunguko 30 nakala moja huwa zaidi ya bilioni, na hapo huonekana kwenye jeli. Vinasaba vya virusi vya batobato ni vya aina ya DNA, ambayo ndiyo PCR huirudufisha, kwa hiyo hupimwa moja kwa moja; vya michirizi ni vya aina ya RNA, na lazima kwanza vigeuzwe kuwa DNA kwa kimeng'enya maalumu. Hayo umeyasoma. Ambalo pengine hukuambiwa ni kwamba mashine haijui kama jani namba 114 lilitoka kwenye mmea namba 114. Aliyekosea shambani amekosea maabara nzima, na hakuna kompyuta itakayomrekebisha. Wasimamizi wanalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu barua ya mtafiti inayosema kwamba takwimu za huyu binti zinaaminika ina uzito ambao cheti cha wakala hakitaufikia.

Nikuongezee kisa kimoja, kwa kuwa kinatuhusu. Miaka ya 1930 watafiti wa Amani walianza kuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwemo mti ule wa mpira, wakitafuta kinga dhidi ya virusi. Katika kazi hiyo ilipatikana aina iliyopewa namba 46106/27. Namba ilisahauliwa, mmea ukabaki: wakulima wa Pwani ya Kenya wanauita Kaleso, na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, upo unaoitwa Namikonga, unaosifika kwa kuvumilia michirizi. Ni vipimo vya vinasaba, vilivyofanywa miongo kadhaa baadaye, vilivyothibitisha kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja, na leo hutumiwa na wazalishaji wa mbegu kutafuta jeni zinazoleta uvumilivu huo. Kazi nzima ilianzia shambani kwa mkulima, ikapita maabara, na itarudi shambani.

Umeuliza kama utabaki huko huko. Unaweza kubaki, sitakuficha. Ninawajua watu waliojaza majedwali ya wengine miaka na miaka, mradi mmoja ukiisha wakihamia mwingine, bila jina lao kutokea popote. Tofauti yao na waliosonga mbele haikuwa akili. Waliosonga mbele walifuata sampuli. Siku ambayo majani yanapelekwa maabara, omba uende nayo. Jitolee kupanga mirija, kuosha vyombo, kuandika lebo, na muulize fundisanifu wa maabara akuruhusu usimame karibu naye. Katika maabara nyingi huyo ndiye mwalimu wa kweli, na hufurahi kuulizwa. Baada ya muda utapewa pipeti, kwanza kwa maji, kisha kwa kitu cha thamani. Weka daftari lako mwenyewe, lenye tarehe, ulichofanya na kilichoharibika. Na kabla ya mwezi wa nne wa mkataba, mwendee msimamizi ukiwa na swali lililotoka kwenye takwimu zako, kwa mfano kwa nini mashamba yaliyo karibu na barabara yana inzi wengi na ugonjwa mchache. Swali kama hilo linaweza kuwa tasnifu ya uzamili.

Ama kuhusu ajira, ukweli wake una pande mbili. Nafasi za kudumu za watafiti ni chache, hutangazwa kwa nadra, na nyingi zinadai uzamili au uzamivu. Zilizobaki ni mikataba ya mwaka mmoja, miwili au mitatu, inayofuata fedha za mradi. Mtu asiyeweza kuishi na hali hiyo hana dhambi yoyote akichagua kazi nyingine, na mama yako ana haki ya kuiogopa.

Lakini si kweli kwamba hakuna kazi, na nyingi zaidi kuliko unavyodhani ziko upande wetu. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, lina kituo Mtwapa kinachoshughulikia minazi, mikorosho, mihogo na mazao mengine ya Pwani. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wako Gede, mwendo mfupi kutoka hapa Malindi, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, ambao una mimea isiyopatikana popote nje ya ukanda huu. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na kuna kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989, ambako kazi kubwa ni magonjwa ya binadamu. Usikipite kwa sababu hiyo. PCR ya malaria na PCR ya muhogo ni kazi moja kwa mkono unaoifanya, na mtu aliyefundishwa nidhamu ya maabara kubwa hupokelewa kokote.

Halafu kuna kazi ambazo wahitimu huzisahau kwa sababu hazina sifa ya ugunduzi. KEPHIS, wanaokagua afya ya mimea na ubora wa mbegu, wanahitaji watu wanaoweza kupima virusi katika vipando vinavyoingia nchini, kwenye bandari ya Mombasa na kwenye kituo chao cha karantini cha Muguga. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Viumbehai inahitaji watu wa kusoma na kupima maombi ya mazao yaliyobadilishwa kijeni. Ndiyo iliyoidhinisha, Juni 2021, muhogo uliotengenezwa na KALRO pamoja na wenzao wa Marekani ili uhimili michirizi ya kahawia. Mjadala wa mazao hayo umefika mahakamani na bado una joto, lakini hata penye ubishi panahitajika mtu anayejua jeni ni nini. Kampuni za maua na za miche ya migomba inayokuzwa kwenye chupa nazo huajiri. Na ukitaka kuona kwamba utafiti wa kimolekuli wa hali ya juu unaweza kufanywa na Mkenya akiwa nyumbani, tafuta kazi za Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kuhusu kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilimpa Tuzo yake ya Afrika mwaka 2020.

Kwa mama, usimbishie, mweleze. Diploma ya ualimu haitakimbia, na hata ukiingia katika utafiti inaweza kukufaa siku moja. Mwambie pia kwamba ICIPE niliyoitaja iliongozwa kuanzia mwaka 2013 na mwanamke, Segenet Kelemu, mzaliwa wa kijijini Ethiopia, ambaye taaluma yake ni hiyo hiyo unayoitamani, magonjwa ya mimea katika kiwango cha molekuli. Na upo mpango wa AWARD, ulioanza mwaka 2008 wenye makao Nairobi, unaowalea wanawake wa Afrika walio katika utafiti wa kilimo kwa kuwaunganisha na wataalamu waliowatangulia. Ikiwa hofu yake ya kweli ni wewe kulala ugenini, tafuta jamaa wa kukupokea karibu na kituo kabla hujaondoka, na umjulishe mapema.

Hilo la mtu wa Lamu kutolishwa na majani, hata hivyo, silikubali. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwenu, na wewe ni binti wa mfanyabiashara wa boriti. Bila shaka unautofautisha mkandaa na mchu, aina mbili za mikoko, kwa kutupia jicho, na unajua upi hukatwa pau na upi hukatwa nguzo, jambo ambalo mwanafunzi kutoka bara hulisoma muhula mzima. Ulambe jani la mchu ukiwa pwani: utaonja chumvi, kwa sababu mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, ilhali mkoko wenyewe huizuia kwenye mizizi. Ni jeni zipi zinazofanya kazi hizo mbili tofauti, na je, miche inayopandwa kurejesha mikoko iliyokatwa ina utofauti wa kutosha wa vinasaba? Hayo ni maswali ya bayolojia ya molekuli, nayo yanaota nyuma ya nyumba yenu. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, imekuwa ikichunguza mikoko kwa miaka mingi kutoka Gazi, Kwale. Ukiwaandikia, waambie baba yako alikuwa nani.

Jambo moja unaweza kulianza leo ukiwa bado unafundisha, nalo ni bioinfomatiki, yaani kuvisoma vinasaba kwa kompyuta. Mifuatano ya vinasaba vya virusi vya mihogo kutoka nchi nyingi imewekwa wazi kwenye hifadhi ya GenBank, haina malipo, na kwa kompyuta ya kawaida unaweza kuipakua, kuilinganisha na kuchora mti wa ukoo wake. Jifunze lugha ya kompyuta ya R au Python kidogo kidogo usiku. Maabara nyingi zina watu wa kutosha wa kutoa vinasaba na hazina wa kuvisoma, na pale Chuo Kikuu cha Pwani wamekuwa wakifundisha uzamili wa fani hii.

Kwa baba, mwambie hivi: nashukuru, na shamba nitaliomba siku nitakapokuwa na barua ya msimamizi aliyekubali kunichukua, mradi uliolipiwa, na pengo dogo la nauli ambalo minazi inaweza kuliziba kwa nazi zake bila kuuzwa. Wakala asipewe hata ada ya fomu.

Kabla ya kutia saini mkataba wa miezi sita, waulize wenye kituo mambo haya kwa maandishi: nani atakuwa msimamizi wako kwa jina, nauli na chakula cha shambani kinalipwa na nani, kama unaruhusiwa kuingia maabara siku za kupeleka sampuli, na kama jina lako litatajwa katika ripoti. Wakikujibu vizuri mambo hayo, maliza muhula wa shule ili usiwaache watoto katikati, kisha nenda. Wakikataa kuhusu maabara lakini wakakubali mengine, nenda vilevile, na ombi la maabara ulirudie baada ya mwezi, watakapokuwa wameona majedwali yako.